Ujumbe Uliotangulia Jibu

Aikaeli aliyaogopa maji kabla hajajua kusoma. Nyumba yao kule Kirua Vunjo ilikaa chini kidogo ya mfongo, mfereji wa kale unaoshusha maji kutoka mlimani hadi kwenye vihamba, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba za watu, na kila yalipoachiwa aliyasikia yakipita nyuma ya ukuta kama mgeni asiyebisha hodi. "Yakikosea njia, yataingia humu?" alimwuliza mama yake. Mama alimfunika vizuri. "Lala, mtoto. Na yenyewe yana kwao."

Kazi yake ya kwanza utotoni ilikuwa kupeleka jembe. Zamu yao ya kumwagilia ilifuata ya Mama Lukresia, jirani wa juu, na mama yake hakuwa mtu wa kukaa mtaroni kutwa akingoja zamu ya mwenzake iishe. "Mpelekee jembe," alisema. "Mwambie akimaliza atufungulie na sisi." Aikaeli alilibeba begani, akaamkia, akaliegemeza mlangoni kwa Mama Lukresia, akarudi kucheza. Mama akaendelea kukata majani ya ng'ombe. Jua likisogea, maji yalikuja yenyewe kwenye migomba yao bila mtu wa nyumbani kuyasimamia. Kazi ilikuwa imeachwa mikononi mwa mtu ambaye angeijua saa yake.

Alipokua alisomea ualimu, akasubiri ajira mpaka akachoka kusubiri, akapanga chumba Rau, pembeni mwa mji wa Moshi, karibu na msitu, na kuanza kutengeneza tovuti za wenye hoteli ndogo na wapeleka watalii. Alijifundisha mwenyewe, kwanza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, baadaye kwa kompyuta iliyokwisha kutumiwa na wengine. Lugha ya kompyuta aliyoishika zaidi ni JavaScript. Wenzake kwenye kundi la WhatsApp walikwama kwenye kitu kinachoitwa callback. Yeye alikielewa siku ileile, akacheka peke yake chumbani. Lilikuwa ni lile jembe lililoegemezwa mlangoni kwa Mama Lukresia. Programu inapeleka ombi kwa mashine iliyo mbali, na jibu linaweza kuchelewa. Basi haisimami pale ikiduwaa. Pamoja na ombi inakabidhi fanksheni, yaani kazi ndogo iliyokwisha kuandikwa lakini bado haijafanywa. Inasema: jibu likija, fanya hii. Kisha inaendelea na shughuli zake.

Mfongo wa kwao unaanzia kwenye nduwa, bwawa la udongo linalojaa maji usiku kucha. Asubuhi lango hufunguliwa, na maji yote ya usiku hushuka kwa mkupuo. Miaka mingi lango lilikuwa mikononi mwa Primus. Primus alipoacha akaenda kubeba mizigo ya watalii mlimani, hakupatikana kijana mwingine wa kukaa kule juu kwenye baridi, na kamati ya mfongo ikamwendea Aikaeli. Yeye na fundi mmoja wa Himo wakalifungia lango mota, sola na kifaa chenye laini ya simu. Tangu hapo lilifunguka lenyewe kila siku saa tatu asubuhi. Siku ya msaragambo tu, watu wanapokusanyika kusafisha mfongo, lilitakiwa lizuiwe, na Aikaeli aliweza kulizuia akiwa Rau kwa kubonyeza kitufe.

Kulizuia halikuwa jambo dogo. Mahali pamoja mfongo hupita chini ya mwamba, kwenye handaki jembamba ambalo mtu huingia ameinama na hawezi kupishana na mwenzake. Mizizi hujaa humo, na lazima ikatwe. Aliyemo ndani maji yakiachiwa hana pa kukimbilia.

Kwenye mkutano, Mzee Hosea, mwenyekiti wa kamati na mzee wa usharika, aliuliza kwa sauti yake ya kanisani, "Sasa mwanangu, sisi tulio huku chini tutajuaje kwamba limezuiwa?"

"Mtapata ujumbe kwenye simu zenu, baba. Nikibonyeza, ombi linakwenda langoni. Lango likijibu kwamba limejizuia, hapo ndipo ujumbe unawafikia: ingieni."

"Hata Primus alikuwa anajibu," alisema Eliudi, mdogo wake Aikaeli, msimamizi wa kikosi cha handaki. Watu wakaangua kicheko.

Walicheka kwa sababu kila mtu alimjua Primus kwenye simu. Ukimpigia umwulize kama amezuia lango, hujibu "Nimeshazuia" akiwa bado anakunywa chai. Hakuna aliyeuita uongo, ilikuwa adabu. Kwao, mtu akiulizia kazi yake unamwambia imekwisha, asije akaona umempuuza; naye, kwa adabu hiyohiyo, hakuulizi mara ya pili, anakupa muda wa kuvaa viatu. Ndiyo maana kila Primus alipojibu, kikosi cha handaki kilikaa kwanza kwenye majani kikinoa mundu na kutaniana, mpaka waone kwamba sasa, kweli, atakuwa amefika langoni.

"Mashine haina adabu ya Primus," Aikaeli alisema, naye akicheka. "Haisemi tayari mpaka iwe tayari. Ujumbe ukifika, msikae kunoa mundu. Ingieni, mmalize mapema."

Eliudi akampigia saluti. "Sawa, injinia. Tutaingia."

Jumamosi ya msaragambo wa kwanza, Moshi iliamka na ukungu. Mlima haukuonekana hata kivuli chake. Aikaeli alibonyeza kitufe, akateleka chai, na kabla maji hayajachemka simu ikaita.

"Dada, ujumbe umefika! Hata buti sijavaa. Primus aje ajifunze."

"Ingieni basi. Usikae karibu na Ronald, atakumaliza kwa nyimbo zake."

"Huyo ameshaziba masikio kwa yale madude yake ya muziki, hata tukimtukana hasikii." Eliudi akacheka, akakata simu.

Aikaeli aliichukua chai yake akakaa mbele ya kompyuta. Hakuwa na wasiwasi. Alitaka tu kuutazama ukurasa wa lango, kama mtu anavyorudi kutazama nguo aliyoifua mwenyewe ikipepea kwenye kamba. Mstari wa juu ulisema ujumbe umetumwa kwa kikosi chote. Mstari wa chini, ule wa lango lenyewe, ulikuwa na kiduara kidogo kinachozunguka, na maneno mawili: Inasubiri jibu.

Alikitazama kiduara. Kikazunguka. Chai ya moto ilimmwagikia kidoleni, hakuisikia.

Haiwezekani, aliwaza. Ujumbe hauwezi kwenda kabla ya jibu. Akaifungua programu, akashuka mpaka pale alipoliandika ombi, na akaona. Fanksheni ya kutuma ujumbe ilikuwepo, mahali palepale panapotakiwa ikabidhiwe. Lakini mwishoni mwa jina lake alikuwa ameweka mabano, na mabano yale ni amri ya kuifanya kazi sasa hivi. Hakuwa ameikabidhi kwa mtu. Alikuwa ameifanya mwenyewe palepale, na ombi likapanda mlimani mikono mitupu. Wakati wa majaribio kifaa cha lango kilikuwa juu ya meza yake hapahapa Rau, kikijibu papo kwa papo, na hakuna jicho ambalo lingeona kipi kimetangulia. Leo lango lilikuwa mlimani, ndani ya wingu, na mtandao wake umekatika. Mashine yake, aliyoisifu mbele ya wazee, ilikuwa imesema "Nimeshazuia" kabla hata haijanyanyuka kitini.

Ilibaki kama robo saa kufika saa tatu.

Alilituma ombi tena. Kiduara kikazunguka. Akalituma tena. Baridi ilimpanda kutoka kwenye nyayo, taratibu, kama anayesimama kwenye maji yanayojaa. Akampigia Eliudi. Mwanamke yule wa mtandao, mwenye sauti isiyo na haraka, akamwambia namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Akampigia Mzee Hosea. Simu ikaita, ikaita, ikanyamaza. Akaandika "TOKENI" na kuwatumia wote, akijua kwamba chini ya mwamba hakuna neno linaloingia. Kisha akampigia Doris, mke wa Eliudi, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka mdomo wa handaki.

"Wifi! Umeamkaje? Ndiyo nakamua hapa, ng'ombe huyu leo ana..."

"Doris, nisikilize. Kimbia handakini ukawatoe. Lango halijazuiwa."

"Halijazuiwa vipi? Ujumbe si umekuja? Eliudi amenionyesha."

"Ujumbe si wa kweli. Ni kosa langu. Kimbia, na usikate simu."

Doris hakuuliza tena. Ndoo ilianguka, maziwa yakasikika yakimwagika kwenye saruji, kisha ndala zikapiga mbio. Aikaeli alisimama katikati ya chumba, simu sikioni, macho kwenye kiduara. Alisikia majani ya migomba yakiikwaruza simu ya Doris, akasikia pumzi yake ikikatika kwenye mteremko, mbwa akibweka, kimya, pumzi tena. Alijaribu kuomba. Hakupata neno lolote zaidi ya jina la mdogo wake.

"Eliudi!" Doris alikuwa amefika. "Tokeni! Tokeni maji yanakuja!"

Sauti ilirudi kutoka ndani, nzito, kama ya mtu aliyemo kwenye pipa. "Mtori umeiva tayari?" Wanaume wakacheka huko gizani.

"Mtori gani, wewe mwanamume! Wifi anasema lango halijazuiwa! Tokeni!"

Kicheko kilikatika. Ikaja vurugu ya buti kwenye tope, chuma kugonga jiwe, mtu kulaani, mtu kumhimiza mwenzake aende. Doris alikuwa akiwataja kwa majina kadiri walivyochomoza, na kila jina Aikaeli alilipokea kama mtu anayepewa kitu cha kushika. Mwisho akasikia sauti ya Eliudi, karibu sana na simu, ikihema.

"Ronald yuko wapi?"

"Hajatoka," mtu alijibu.

"Ameziba masikio yule. Hajasikia kitu."

"Usirudi," Doris alisema. "Eliudi. Eliudi! Baba Kindness!"

Aliposikia Doris akimwita kwa jina la mtoto wao, Aikaeli alijua kwamba amekwisha kuingia.

Hapo ndipo kiduara kilipopotea. Mtandao ulikuwa umerudi. Lango, lililokaa kimya asubuhi yote, lilituma jibu lake la kwanza, na jibu lilikuwa hili: Liko wazi.

Saa tatu. Maji ya usiku mzima yalikuwa yameshaanza kushuka.

Aikaeli alibonyeza kufunga. Kiduara kikatokea upya. Kwenye simu Doris alikuwa akilia kwa sauti moja ndefu, "Njooni, njooni," na nyuma ya sauti yake kulikuwa na nyingine iliyokua, si kubwa, kama upepo unaopita kwenye mahindi makavu. Aikaeli aliijua. Aliijua tangu alipokuwa akilala nyuma ya ukuta. "Doris," aliita. "Doris, unawaona?" Kukawa na kishindo, na simu ikakatika.

Kwenye ukurasa yakatokea maneno: Limefungwa. Safari hii jibu lilikuwa la kweli, na halikumwambia chochote alichotaka kujua. Ni maji kiasi gani yalikwisha kupita? Mlango wa chumba aliuacha wazi.

"Kirua," alimwambia bodaboda wa kwanza aliyemwona.

"Hii ya Vunjo? Dada, huko juu kuna utelezi leo."

"Twende tu."

Njia nzima alikuwa akimpigia Doris, na njia nzima Doris hakupatikana. Walipita Kawawa, wakaanza kupanda. Ukungu uliwafunika, migomba ikawa inachomoza na kuzama pembeni kama watu waliojitanda. Aikaeli alishangaa jinsi kila kitu kilivyoendelea: mwanamke amebeba ndizi, watoto wanasukuma tairi, redio ya mtu inaimba kwaya. Akawaza kwamba labda tayari imekwisha kutokea, labda Eliudi amekwisha kuwa kitu cha kufunikwa shuka, na dunia inampa tu muda wa kuvaa viatu.

Simu ilitetemeka mkononi. Namba ngeni. Alimgonga dereva begani asimame, akashuka, akaitazama ikiita. Aliogopa kuipokea kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote, kwa sababu mpaka pale mdogo wake alikuwa bado hajafa.

"Wifi." Ilikuwa Doris.

"Niambie."

"Wametoka. Wote wawili." Doris alivuta pumzi. "Maji yaliwakuta mdomoni kabisa mwa handaki, yakawatupa nje kama magunia. Kisha yakapungua ghafla, sijui ni nini. Ronald bega limevunjika, wanampeleka hospitali. Eliudi yuko hapa, anatapika matope."

"Mpe simu."

"Wifi, hataki kuongea."

Aikaeli alikaa chini kwenye majani mabichi, kando ya mibuni ya watu asiowajua. Dereva alimsogelea kwa woga. "Kuna msiba, dada?"

"Hakuna."

"Mbona unalia hivyo sasa?"

Alijifuta uso, akapanda tena pikipiki.

Mbele ya kamati alieleza kila kitu, bila kujificha kwenye maneno ya Kiingereza. Mzee Hosea alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba sala, akaahirisha kikao. Ronald alisamehe kwa kuitikia kwa kichwa. Mama yake Ronald hakumtazama Aikaeli. Lakini lililomkaa Aikaeli moyoni ni alilosema Eliudi baada ya wiki nzima ya kimya, wakiwa wamesimama nje ya zizi la ng'ombe.

"Ingekuwa Primus, ningekaa kwanza ninoe mundu. Unajua hilo?"

"Najua."

"Niliingia mbio kwa sababu ni wewe."

Kuyafuta mabano kulichukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hilo lilimtisha kuliko kosa lenyewe. Sasa fanksheni ilikabidhiwa kama inavyotakiwa, itendwe na jibu lenyewe litakapofika, na kando yake akakabidhi ya pili: jibu lisipokuja, au likija baya, kikosi kipate ujumbe wa kusema msiingie. Alijaribu huku amechomoa betri, huku ameificha antena ndani ya sufuria, huku akiuchelewesha mtandao makusudi, na kila mara alikaa akikitazama kiduara mpaka machozi yakamtoka. Kila mara mpangilio ulikuwa sawa. Hofu haikupungua. Hata kwenye kazi nyingine, ukurasa wa hoteli wa kupokea wageni wawili watatu, alisoma mstari mmoja mara nyingi, vidole vikiwa vya baridi, akijiuliza: hii nimeikabidhi, au nimeshaifanya?

Miezi ilipita, mizizi ikajaa tena handakini, na watu wa chini wakaanza kulalamika kwamba maji hayafiki. Kamati ilijadili kumtuma mtu langoni siku ya kazi. "Atakayekwenda leo, mwezi ujao atakuwa mlimani na watalii," Mzee Hosea alisema. "Ama hii mashine tuiamini, ama tuing'oe." Akamgeukia Aikaeli. "Wewe unasemaje, mwanangu?"

"Nitakuja siku hiyo, baba. Nitakuwa hapo hapo handakini."

Alipanda Kirua alfajiri. Kikosi kilikuwa kimekaa kwenye majani mbele ya handaki, na Ronald alikuwepo, mkono bado mzito, amekaa mbali kidogo na mdomo ule mweusi. Hakuna aliyeimba. Aikaeli aliamkia wakubwa, akatoa simu, akabonyeza.

Kiduara kikazunguka. Hakuna simu iliyolia. Wingu lilishuka mpaka kwenye vichwa vya migomba, na maji ya umande yakawa yanadondoka kwenye majani, tone, tone, na kila tone likawafanya wageuze shingo kutazama juu. Aikaeli alihisi macho yao yote kwenye mikono yake. Kisha, kwa pamoja, simu zao zikalia.

"Limejibu?" Mzee Hosea aliuliza.

"Limejibu, baba. Limezuiwa."

Hakuna aliyesimama. Mmoja alikifuta kioo cha simu yake kwa kidole gumba, akausoma ujumbe, akausoma tena, akairudisha simu mfukoni na kuendelea kukaa. Eliudi alikuwa anatazama udongo kati ya buti zake. Doris, aliyekuja na chupa ya chai, aliishika bila kuifungua.

Aikaeli alijifunga khanga kiunoni, akavua viatu, akachukua mundu uliokuwa karibu na mguu wa mdogo wake. Eliudi aliinua uso. Aikaeli alipoinama kuingia, baridi ya mwamba ilimpokea usoni, na nuru ikabaki nyuma yake kama mlango wa nyumba ya mtu mwingine. Nyayo zake zilikuwa zikisikiliza tope. Kila sauti ilikuwa maji. Pumzi yake mwenyewe ilikuwa maji. Alijua programu yake mstari kwa mstari, alijua ni jibu lililotuma ujumbe na si yeye, na bado mwili wake wote ulikuwa ukimwambia atoke. Alipofika kwenye mizizi ya kwanza akaishika na kuanza kukata. Akakata, akasikiliza, akakata.

Hakujua amekata kwa muda gani. Nyuma yake, tope lilitoa sauti ya mguu mzito, kisha wa pili, na nuru ikazibwa kabisa na kiwiliwili cha mtu.

"Sogea mbele, dada," sauti ya Eliudi ilisema gizani. "Umejaza njia yote."